Anayetembelea Kurasa za Watu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka langu la kuchapa na kutoa kopi, chini ya dirisha ambalo halifungi vizuri, kwa hiyo linalosemwa nje nalisikia ndani na linalochapwa ndani linajadiliwa nje. Shangazi huja na chupa yake ya kahawa na vikombe vidogo, na kabla hajaketi huwa ameshaulizwa ana habari gani. Breki alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kuongea hana breki hata moja. Waziri anauza miwani mlango wa pili, na kila analosema hulisema kama mtu aliyetoka kikaoni sasa hivi. Wa nne ni Fundi Friji, karakana yake iko ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno machache. Siku ninayoisimulia alivuka barabara asubuhi bila kutazama magari, mikono ina mafuta, simu kaishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachounguza.

— Hebu mnisomee hii, — alisema. — Nimeisoma mara tatu na bado sijaielewa.

Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa barua pepe. «Mpendwa mtembeleaji wetu. Akaunti yako ya kubadilishana watembeleaji imesimamishwa. Bonyeza hapa uweke neno lako la siri leo hii, la sivyo pointi zako zote zitafutwa.»

— Pointi gani? — Fundi aliuliza. — Mimi pointi za mwisho nilipewa shuleni, na zilikuwa chache.

— Imekuja kwa anwani gani? — nikamuuliza.

— Ile ya ukurasa wa mdogo wangu.

Ukurasa ule niliutengeneza mimi. Mdogo wake Fundi aliondoka miaka kadhaa nyuma kwenda kutafuta kazi kwenye machimbo, nchi ya mbali. Akapiga simu mara mbili tatu, kisha kimya. Walipokwisha kuuliza kila wa kuulizwa, Fundi alikuja kwangu tukaweka picha yake mtandaoni: kijana anacheka, kovu juu ya nyusi, kashika gurudumu la baiskeli. Maneno ya chini aliyasema mama yao, mimi nikaandika tu: «Ukimwona mwambie apige simu. Si lazima arudi.»

— Kubadilishana watembeleaji ndiyo nini? — Shangazi aliuliza huku akimimina.

— Ni hivi, Shangazi. Wewe una duka, haingii mtu. Mimi nina duka, haingii mtu. Tunakubaliana: nikija kwako, nawe utaletewa mtu kwako. Mtandaoni ndivyo wanavyofanya. Unafungua ukurasa wa mtu usiyemjua, unakaa sekunde kumi, unapewa pointi. Pointi zako zinapeleka watu kwenye ukurasa wako.

— Yaani mtu analipwa kwa kuchungulia?

— Anachungulia ili naye achunguliwe.

— Haki ya Mungu, dunia imekaa vibaya, — Breki alisema, akasogea mbele kwenye benchi, tukajua safari imeanza. — Sikilizeni. Hao ni wezi wa sura. Wameichukua sura ya kijana, wametengeneza nayo hati ya kusafiria. Saa hizi kuna jitu lingine huko linatembea na sura yake, limeoa, lina watoto wawili!

— Serikali kubwa kubwa ndizo hizo, — Waziri alisema. — Wanahesabu nani anamtafuta nani. Siku wakijua watu wote wanaotafutwa na wote wanaotafuta, wameshaitawala dunia. Hili ni suala nyeti, tulizungumze kwa sauti ya chini.

— Sauti ya chini wapi, wewe mwenyewe unapiga kelele, — Shangazi alimwambia.

Breki alikuwa ameshapata njia nyingine. Alimshika Fundi begani.

— Na kama ni mwenyewe? Eh? Kama ni mdogo wako, hana simu ya kupiga, hana njia, kaingia kwenye akaunti yake anatuma ishara? Kaandika pointi, pointi, ili uelewe yuko kwenye pointi fulani!

— Breki! — Shangazi aliweka chupa chini kwa nguvu. — Usimtie mwenzako tumaini la kuchezea.

Lakini Fundi alikuwa ameshaingiwa. Niliona kidole chake kikishuka kwenye kile kiungo cha bluu, polepole, kama mtu anayegusa waya asiyejua kama una umeme. Nikamkamata mkono.

— Ngoja. Tazama anwani ilikotoka. Jina la kampuni lina herufi moja ya ziada, hii hapa. Hawa si kampuni yenyewe. Hawa wanataka uandike neno la siri wakuibie.

— Basi futa, — Waziri alisema. — Kikao kimefungwa.

— Hapana, — Fundi alisema. — Wamejuaje nina akaunti?

— Pengine hawajui. Wanatuma kwa maelfu ya watu, wakitumaini wachache wanayo.

— Na mimi, ninayo?

Hilo sikuweza kulijibu kutoka pale benchini. Tukaingia dukani wote, vikombe mkononi, tukajibana nyuma ya kiti changu. Sikugusa kile kiungo. Niliandika mwenyewe anwani ya kampuni ile halisi, herufi kwa herufi, nikaweka barua pepe ya ukurasa, nikabonyeza palipoandikwa kwamba nimesahau neno la siri. Kama akaunti haipo, hakuna kitakachokuja.

Simu ya Fundi ikalia mkononi mwake. Kimekuja.

— Ipo, — nilisema.

— Nani kaifungua? — Fundi alinong'ona.

Nikaweka neno jipya la siri, tukaingia. Juu kabisa palikuwa na idadi mbili. Kurasa ulizotembelea: laki tatu na kitu. Waliotembelea ukurasa wako: nusu ya hizo. Chini yake ilikuwepo ramani ya dunia, nyeusi, na juu ya ramani nukta ndogo za mwanga, kila mahali ambapo ukurasa wa yule kijana ulifunguliwa. Zilikuwepo nukta kwenye visiwa ambavyo sikujua kama vinakaliwa. Zilikuwepo juu kabisa, kule kwenye barafu. Shangazi alijifunika mdomo kwa upande wa kanga yake.

Fundi alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

— Hawa wote wamemwona?

Nilitamani kusema ndiyo. Nikabonyeza nukta moja, halafu nyingine, nikaangalia walivyoingia. Kurasa mia zimefunguliwa ndani ya sekunde moja. Kompyuta moja, usiku na mchana, sekunde kumi, inayofuata, sekunde kumi, inayofuata, haikosei hata nusu.

— Hizi nyingi ni mashine, Fundi. Mtu anaiwasha, inafungua kurasa yenyewe, inamkusanyia pointi. Yeye yuko kwenye shughuli zake. Hana habari.

— Kwa hiyo hakuna aliyemtazama.

— Sijasema hakuna. Nasema sijui.

Breki alinyoosha mkono kumgusa Fundi, akaurudisha.

— Sasa na huyu wa kwetu? — Shangazi aliuliza. — Huyu aliyezitazama laki tatu? Naye mashine?

Nikafungua orodha ya safari zake. Nikaishusha. Nikaishusha zaidi.

— Huyu si mashine.

— Umejuaje?

— Hapa alitakiwa kukaa sekunde kumi, amekaa dakika moja. Hapa dakika mbili. Hapa nne. Pointi ni zilezile, haziongezeki. Na tazameni, mchana anaacha, jioni anarudi. Huyu anapumzika. Huyu anatazama kweli.

— Laki tatu! — Breki alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. — Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote, sijapita milango laki tatu.

— Kila kurasa mbili alizotazama yeye, ukurasa wetu umefunguliwa mara moja, — nilisema. — Zile nukta zote kwenye ramani, kila moja imelipiwa na macho ya mtu huyu.

— Mtu gani? — Waziri aliuliza. — Mtu gani mwenye moyo huo?

Upande wa kulia paliandikwa aina ya kifaa. Niliisoma kwa sauti, aina ya simu ya zamani, ambayo hata vioo vyake siku hizi havipatikani. Fundi alishika ukingo wa meza.

— Hiyo simu ilikuwa yangu, — alisema. — Niliiangusha ikapasuka kioo. Nikaiwekea ukurasa na ile barua pepe yake, nikampa mama, awe anaitazama picha akimkumbuka.

Tukiwa bado tumesimama hapo, kivuli kiliziba mlango. Alikuwa ni mama mwenyewe, viatu vina vumbi la njia nzima, simu yenye kioo cha nyufa kaishika kwa mikono miwili.

— Hodi. Mwanangu yuko huku? Karakana nimekuta wazi, hakuna mtu.

— Shikamoo mama, — tulisema wote kwa pamoja, kama darasa.

— Marahaba, wanangu. Fundi, hebu nitazamie simu. Imenikataa. Nilikuwa kwa mtu mmoja anauza mizinga ya nyuki, ghafla ikanitoa nje. Inasema neno langu la siri si lenyewe.

Nilimpisha kiti. Fundi alichuchumaa mbele yake, kama anavyochuchumaa mbele ya friji asilojua ubovu wake.

— Mama, ni wewe?

— Ni mimi nini?

— Unayefungua kurasa za watu. Ni nani alikufundisha?

— Nifundishwe nini? Chini ya picha ya mwanangu palikuwa na tangazo. Limeniuliza, unataka wageni zaidi? Nikajibu ndiyo. Nani hataki wageni? Wakaniambia, basi na wewe watembelee wenzako. Nikaona ni haki.

— Lakini mama, — nilimwambia, — sekunde kumi zinatosha. Ukikaa zaidi hawakuongezei.

Alinitazama kama mtu niliyemwambia jambo la aibu.

— Sekunde kumi? Mtu amepanga vitu vyake, amevaa shati zuri, amesimama mbele ya kamera, nimtazame sekunde kumi nimgeuzie mgongo? Yupo bwana anafundisha kinanda, lugha yake siijui, lakini vidole vyake navielewa. Wako wenye nyumba zao wanauza, napita chumba kwa chumba. Hata kuaga naaga. — Akaufuta ule mpasuko wa kioo kwa kidole gumba. — Halafu nyuma ya picha huwa kuna watu. Anayeuza gari kalipigia picha barabarani, nyuma yake wanapita watu. Anayetangaza hoteli, kuna wapishi kwa mbali. Mimi naangalia wanaopita. Si lazima awe na ukurasa wake. Anaweza kuwa anapita tu.

Shangazi aligeukia ukutani. Breki alivua kofia, mtu ambaye hata hospitali haivui. Mimi nilikuwa nimetengeneza ukurasa ule kwa mikono yangu, na nilidhani naujua mtandao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupita wote kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwatazama hata wanaokatiza nyuma.

Mama alikuwa ameiona ramani kwenye kompyuta yangu.

— Hizo taa ni nini?

— Ndipo ukurasa wake ulipofika, mama, — Fundi alisema.

Alisimama. Alizitazama kwa muda mrefu, kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, midomo ikitikisika kidogo kama anayezihesabu. Kisha akatugeukia, uso umejaa furaha, akatuuliza sote kwa pamoja:

— Na wao wakifika kwa mwanangu, wanakaa kidogo?

Waziri alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati. Breki alitazama ndani ya kikombe chake kilichokwisha kahawa. Mimi nilitazama vitufe vya kompyuta kama navisoma kwa mara ya kwanza. Laiti angeuliza jambo lolote lingine. Shangazi alichukua chupa ili angalau amimine, ikatoa tone moja na machicha.

Fundi ndiye aliyefanya kitu. Alifuta mafuta ya mikono kwenye suruali, akachukua simu ya mama yake, akaniuliza kwa macho neno jipya la siri, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Akaliweka. Ile barua ya wezi akaifuta bila kuitazama. Akamrudishia mama simu, akamshika mkono, wakatoka nje wakaketi benchini. Tukawafuata. Tulijipanga nyuma ya mama, mmoja kichwa huku, mwingine kule, kila mtu akitafuta pembe ya kuona kati ya nyufa.

Ukurasa ulikuwa wa mtu anayepaka rangi majengo. Kasimama mbele ya ukuta wa njano, anatabasamu, brashi mkononi. Saa ndogo ya pembeni ilihesabu sekunde kumi, ikaisha. Mama hakubonyeza. Nasi hakuna aliyemharakisha. Pikipiki zilipita, mteja wa kopi alikuja akasimama nyuma yetu, naye akainama kutazama.

— Mama, — Breki alinong'ona, — yule wa nyuma pale, mwenye ngazi.

— Nimemwona. Si yeye, — mama alijibu, macho hayabanduki. — Lakini msiwe na haraka, kuna mwingine anatokea kushoto.