Kijitabu Kilichokuwa Kabatini

Wapendwa, leo mnipokee pamoja na hasira yangu. Nilijaribu kuiacha nyumbani, ikakataa.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilisoma somo la falsafa linaloitwa nadharia ya maarifa. Swali lake ni moja tu: mtu akisema anajua, amejuaje? Nililipenda. Nilikuwa natoka hapa Kabiria asubuhi nikiliwaza, nafika mjini bado nalo.

Mtihani nikafanya. Matokeo yakabandikwa ukutani, na mbele ya jina langu hakuna alama. Nikamwendea mhadhiri. Hata macho hakuinua. "Hukufanya. Ungefanya, alama zingekuwa hapa."

Ndugu zangu, nawaambia, huyo ndiye aliyetufundisha muhula mzima kudai ushahidi!

Sikuhitimu. Mama alikuwa ameshaalika watu, mbuzi ameshaagizwa. Na nyinyi wengine mlio hapa, msiangalie chini, mlisema badala ya kusoma nilikuwa nashinda mtaa wa Hurlingham na wanaume. Mama akawaamini. "Chuo kizima kikosee, wewe peke yako ndiyo uko sawa?" Hilo liliniuma kuliko ile orodha. Miezi minane nilijifungia ndani. Nikafika mahali pa kujiuliza kama kweli niliingia kwenye mtihani.

Siku moja nikaenda idarani kurudisha kitambulisho cha chuo, yaishe. Mama mmoja anayepika chai pale akanikuta nalia, nikamweleza. Hakuniuliza kama nilifanya. Aliuliza, "Ulifanyia chumba gani? Ulikaa wapi?"

"Cha juu. Nyuma, karibu na dirisha lililovunjika kioo."

"Si mlikuwa madarasa mawili humo? Mimi ndiye nilipelekea wasimamizi chai." Akaweka birika chini, akafungua kabati. Kijitabu changu cha majibu kilikuwa katikati ya vijitabu vya lile darasa lingine, hakijaguswa na kalamu nyekundu.

Nikakipeleka kwa mhadhiri. "Mwalimu, ulijuaje sikufanya? Ulitafuta?" Akakichukua. Alisahihisha, nikapita vizuri sana. Pole hajaniambia mpaka leo.

Namshukuru yule mama wa chai. Darasa la falsafa hakuingia hata moja, lakini aliuliza, kisha akainuka kutafuta.

Mtoto wako akirudi na shida kama yangu, usianze na majirani. Muulize alikuwa amekaa wapi. Mama yangu yuko pale nyuma. Nampenda, na hasira bado ninayo. Miezi minane nilimngoja aniulize.

Mama, nilikaa karibu na dirisha.