Duara Tupu Kwenye Geti la Shule

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi aliyetengeneza geti la shule ya awali, lile geti lenye miezi. Mtaani tulimwita Fundi Cheche. Tulimzika wiki iliyopita. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na alikuwa mwanamke. Nayasema yote mawili mapema, ili asiwepo wa kupiga simu kuniuliza kama nimekosea.

Alianza kazi akiwa msichana. Mjomba wake alimwita amshikie nondo mara moja tu, na nondo hiyo hakuiachia tena. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu nyeusi. Chumba cha pili, ukuta ule ule, ni duka la dada yake, mshonaji. Dada mtu bado yupo pale, na ndiye aliyenisimulia mengi ya haya.

"Cheche zake zilitoboa vitambaa vya wateja wangu," anasema. "Nyuzi zangu zilimganda kwenye buti. Asubuhi tunagombana, mchana tunakula sahani moja."

Sasa nije kwenye geti.

Mwalimu mkuu wa shule ya awali alitaka geti lenye mwezi wa kila umbo, kuanzia ule mwembamba mpaka ulioviringika, kisha unapungua tena. Alimpa fundi mchoro. Fundi akakata chuma, akakunja, akachomelea. Mahali pamoja kwenye mchoro palikuwa na duara lisilo na kitu. Akarudi kuuliza.

"Mwalimu, hapa niweke nini?"

"Hapo ni mwezi mpya. Hauonekani."

"Basi kama hauonekani, siweki kitu."

Akaweka pete ya chuma, katikati uwazi.

Na mwalimu hakusema uongo, wasikilizaji. Mwezi unapokuwa mpya kabisa, unakuwa upande wa jua. Uso wake uliomulikwa unalitazama jua, sisi tunageuziwa mgongo wenye giza. Tena unachomoza pamoja na jua na kuzama pamoja nalo. Ule uzi mwembamba tunaouona jioni tukasema "mwezi mpya huo", umeshapita kidogo. Ule mpya wenyewe hatuuoni. Fundi alilishika neno hilo kama alivyoshika nondo ya mjomba.

Shida ni kwamba pete ile ilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Aliyeingiza kichwa alikuwa binti mdogo wa dada yake. Leo ni mama wa watoto wake, na analisimulia akicheka. "Kichwa kiliingia chenyewe. Masikio ndiyo yaliyokataa kutoka."

Walimu walipaka sabuni. Wakapaka mafuta. Mtoto akazidi kuteleza lakini hatoki. Mama yake alikuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Fundi Cheche alikuja na msumeno wa mkono, maana mashine ya moto huwezi kuisogeza kwenye shingo ya mtoto. Alikata polepole, kiganja chake kimoja kikiwa kati ya chuma na ngozi. Kiganja hicho kilibaki na kovu.

"Nililia mpaka nikachoka," anasema binti. "Kisha nikamwambia mama mdogo, fanya haraka, nina njaa."

Mtoto akatoka mzima. Hapo mambo yangekwisha. Lakini kesho yake Fundi Cheche alirudi akaunga pete ile ile, na katikati akaacha uwazi ule ule.

Dada yake akamfuata pale pale getini. "Ziba hapo! Ziba hata kwa kifuniko cha sufuria!"

"Nikiziba watu wataona kitu, dada. Na hapo hakuna cha kuona."

"Na mtoto mwingine je?"

"Wako si ameshajifunza?"

Neno hilo, wasikilizaji, ndilo lililovunja sahani ya mchana. Dada mtu aligeuka akaondoka. Mwalimu mkuu akafunga ubao kwa waya juu ya ule uwazi, ubao mbaya wa sanduku. Na wale ndugu wawili wakanuniana mwaka mzima na zaidi. Ukuta mmoja, hakuna salamu. Walitumia wateja. "Mwambie huyo wa upande wa pili moshi umezidi." "Mwambie huyo mwenye cherehani afunge dirisha."

"Nilikuwa nasikia anakohoa," anasema dada mtu. "Nilitaka kumuuliza kama amekunywa dawa. Sikumuuliza."

Ndipo ikatangazwa siku ya kupatwa kwa jua. Fundi Cheche alitafuta kioo cheusi kuliko vyote, namba kumi na nne, akakitia kwenye ngao yake ya uso. Alimwonya kila mtu kuwa kioo cha kazi za kila siku hakitoshi, jua litaunguza jicho. Ilipofika saa yenyewe watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake. Dada yake hakupanga. Alikuwa anashona, au anajifanya anashona.

Fundi alitazama wa kwanza. Kupatwa kwenyewe kulikuwa kule ambako jua linabaki pete tu ya moto. Na ndani ya pete kulikuwa na kitu. Cheusi, kizima, cha mviringo. Ulikuwa mwezi mpya. Siku nyingine zote hauonekani; siku unapopita mbele ya jua, unaonekana.

Akavua ngao, akaiacha foleni ikilalamika, akaingia dukani kwa dada yake.

"Dada. Njoo utazame. Pete yangu ina kitu ndani. Nilikosea."

"Niliipokea ngao kwa sababu ni nzito, ingeniangukia miguuni," anasema dada mtu. Akatoka, akatazama. Akaivua ngao. Kisha akasema, "Kifuniko cha sufuria kabisa."

"Kabisa. Kesho nakiweka."

Na alikiweka. Alikata chuma cha mviringo, akakichomelea ndani ya pete, akakipaka rangi nyeusi. Ubao wa sanduku ukaenda jikoni kwa mwalimu. Mchana wake, sahani moja.

Watoto wanaopita getini hukigusa kile cheusi mpaka rangi inatoka na chuma kinang'aa. Kila muhula Fundi Cheche alikuwa akikipaka upya. "Huo hauruhusiwi kung'aa," alikuwa akiwaambia. Mwaka huu kifua kilimzidi, hakuweza.

Nilimuuliza dada yake anajiliwaza vipi. Akaniambia, "Msibani watu walinifariji kwamba mdogo wangu yupo, ila hatumwoni, kama mwezi mpya. Nikawashukuru. Lakini mwezi unarudi, mwanangu."



Kwa dada mtu, kwa binti aliyenasa, na kwa mafundi wenzake wote, poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu yako mnapishana mlangoni bila salamu, ingia kwake leo. Usingoje jua lipatwe.

Wazazi, nina tangazo dogo kutoka kwa dada mtu. Jana alikwenda getini mwenyewe na kopo la rangi. Anasema amepaka vibaya, mdogo wake angemcheka. Anaomba muwaambie watoto wasiuguse mwezi mweusi leo. Haujakauka.