Siku Waliyonifanya Président d'Honneur

Jina la Bwana lisifiwe. Mukae, mukae, sitawashikilia mpaka chakula kipoe.

Pasteur aliniambia mbele ya culte kuanza: "Papa Bahati, ushuhuda muzuri hautaji majina." Pasteur, nilikusikia na ninakuheshimu. Lakini mimi niliishia shule ya primaire kule Uvira, na hadithi isiyo na majina inanipotea njiani. Gaspard na Désiré. Bon, nimeshawataja. Tuendelee.

Wengi munanijua kama ule papa wa kofia anayekaa nyuma. Ninasafisha maofisi kule Schuman, hapa Bruxelles. Pale unaweza kufanya kazi miaka, na watu wanakuruka kama ndoo ya maji. Nyumba yangu iko Ganshoren, chumba kimoja na jiko. Bibi yangu wa ndoa aliniacha, watoto wako Lille, Ufaransa, na maisha yao. Ndugu zangu, nawaambia, Ganshoren kumetulia kupita kiasi. Siku ya samedi, jumamosi, nilikuwa nasikia jirani anageuza funguo kwa mulango wake, na mimi nakohoa kwa nguvu, ili naye ajue kuna muntu huku.

Kazini kulikuwa mulinzi mumoja wa mulangoni, Mudominicain, muntu wa kisiwa cha kule Amerika, jina Ramón. Kifaransa yake ilikuwa mbaya kuliko yangu, ndiyo maana tulisikilizana. Huyu ndiye alinifundisha baseball, ule muchezo wa kupiga mupira mudogo na fimbo, kisha unakimbia unazunguka mpaka unarudi pale ulipotoka. Tulikuwa tunachezea kwa majani karibu ya Basilique, lile kanisa kubwa, wawili tu, kama wazimu. Siku moja kijana wa Bujumbura, Jaffari, akasimama kutuangalia.

"Papa, hiyo fimbo ni ya kuchunga ngombe?"

"Ya kuchunga wewe. Shika."

Akashika. Akapiga. Kesho yake akaleta ndugu yake. Wakaja wa Bukavu, wakaja wa Goma, na Désiré akaja, mutoto wa rafiki yangu, nikamufundisha kudaka kwa mikono yangu hii. Tukawa timu. Tulipigwa na kila muntu katika Ubelgiji hii, hata na timu ya wazee. Wengi kati ya wachezaji wa kwanza wakachoka, wakaondoka, tukaanza upya na vijana wengine. Hapo ndipo mimi nilikuwa muntu. Kila vendredi, ijumaa, nilipigia kila mumoja simu: kesho unakuja? Umekula? Goti linaendelea aje? Kwa hiyo simu ndiyo nilijua nani atacheza, na wapi. Hatukuwa na bureau. Bureau ilikuwa mimi na simu.

Tukaanza kushinda kidogo. Alors, ukianza kushinda, watu wa costume na kravati wanakuja.

Gaspard alikuja na costume. Alisoma gestion, mambo ya kuongoza kampuni. Alisema timu inahitaji direction, watu wa kuongoza, inahitaji projet, inahitaji wachezaji wa kutoka inje. Akamuvuta Désiré, akamufanya secrétaire. Wakaita mukutano mukubwa kwa salle moja, ukumbi wa kule Koekelberg, mamans wakapika, na Gaspard akasimama na micro.

"Papa Bahati ni fondateur wetu, ndiye alianzisha timu! Tumuache tu hivi hivi, jameni? Tumupandishe! Président d'honneur, rais wa heshima!"

Vigelegele! Wakanivalisha pagne, kitenge kizuri, mabegani. Wakanileta kiti cha mikono kama cha gouverneur. Nikacheza, ndugu zangu. Nilicheza mpaka mushipi wa suruali ukafunguka. Wakasema anayekubali ainue mukono, na mimi pia nikainua wangu, juu kuliko wote. Sisi tunajua adabu: ukipewa kiti mbele ya watu, unashukuru, unakaa. Muzungu angeuliza kwanza, hiyo kazi inafanya nini? Mimi niliuliza tutapigia picha wapi.

Samedi iliyofuata nikafika kwa terrain, pale tunachezea. Nikasema Jaffari awe wa kwanza kurusha mupira. Gaspard akanishika bega, polepole, kama unashika mugonjwa.

"Papa, président d'honneur hagusi mambo ya terrain. Iko direction. Ukae, bakuletee fanta."

Nikamuangalia Désiré. Désiré akageuka, akaenda kwa meza ya vinywaji. Kisha akaleta fanta.

Nikainywa. Ningefanya nini? Hata simu za vendredi walinikataza. Désiré alisema sasa iko groupe ya WhatsApp, na mimi siko ndani juu ni ya direction na wachezaji tu.

Hapo ndipo walianza kununua wachezaji wa inje. Kila kitu mamans walichopata kwa mikate na samaki, kila kitu vijana walichotoa, kilipanda ndege. Wakaleta Wadominicain watatu na kuwapangishia nyumba Koekelberg. Wachezaji wazuri, sisemi uongo. Lakini Jaffari na wenzake wakakaa kwa banc ya wasiocheza, na kijana haji kukaa kwa baridi ya mwezi wa tatu ili aangalie mugeni. Mumoja akaacha, kisha mwingine. Ramón mwenyewe, Mudominicain wa damu, akatikisa kichwa na kwenda zake. Halafu wawili kati ya wale wageni wakachukuliwa na timu ya Ujerumani, bila kuaga. Gaspard akasema anaenda Kinshasa kwa mission. Mpaka leo iko mission. Nyumba ya Koekelberg haikulipwa tena, na ule wa tatu, Yunior, akabaki ndani.

Munasema: papa, wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa kitandani. Nililala kama muntu aliyefiwa. Nilikosa kazi mara nyingi mpaka chef akaniandikia barua ya onyo, nikaanza kunywa bière asubuhi kama chai. Nilikuwa naweka simu karibu ya kichwa. Nilisema, mimi niliwapigia miaka yote, sasa wao wanipigie, ndipo nitajua. Ikafika Noël, Krismasi. Watoto wa Lille walituma picha ya sapin, ule muti wa Noël. Hakuna aliyepiga. Nilitoa ile pagne ya heshima, nikaitandika dirishani kuzuia baridi.

Halafu asubuhi moja mulango ukagongwa. Nikafikiri ni huissier, ule wa kukamata vitu vya wenye madeni. Nikafungua, nikaona kijana murefu, midomo imepasuka kwa baridi, sandali na soksi mbili mbili. Yunior. Mukononi iko na affiche ya timu, ile ya picha yangu katikati, na maandishi makubwa: Président.

"Presidente," ananiambia. "Presidente."

Nikacheka vibaya. Nikamuambia kwa Swahili, juu hasira yangu haijui lugha ingine: "Mimi si président wa kitu. Walinipa fanta, basi! Uende umutafute Gaspard." Na nikaanza kufunga mulango. Ndugu zangu, nilitaka kuufunga. Sikumupenda ule kijana. Kila nikimuangalia, niliona nafasi ya Jaffari aliyoichukua.

Lakini hakuondoka. Aliweka kidole kwa picha, akakiweka kwa kifua changu. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: chef wa wote ni huyu muzee, na chef hawezi kuacha muntu wake inje. Katika Bruxelles yote, ni yeye tu alikuwa anaamini ile cheo yangu.

Nikamuingiza. Nikapika bugali na sombe, majani ya muhogo. Alikula bugali na kijiko kama supu, nikamuacha. Alilala kwangu. Asubuhi nikasikia muntu anakohoa ndani ya nyumba yangu, na si mimi.

Siku zile Désiré alikuwa ameita mukutano wa kufunga timu kabisa. Nikang'oa pagne dirishani, nikaipiga pasi, nikaivaa. Kwa kawaida yetu, président d'honneur ndiye anafungua mukutano: anasalimia, anakaa, wenye akili wanasema. Nikasimama kusalimia. Sikukaa.

Nilisema yote. Nilisema nani alileta wageni, nani aliwaacha, nani anaota moto Kinshasa. Nikamusimamisha Yunior na sandali zake mbele ya wale mamans waliouza mikate.

"Papa, asante, ukae sasa," Désiré akasema.

"Nikae wapi? Kiti hiki mulinipatia ili munifunge kinywa?"

"Papa, tufuate ordre du jour, mambo yaliyopangwa…"

Maman Odette akapiga meza: "Wewe Désiré, nyamaza! Acha papa aseme! Mikate yangu iko inatembea Ujerumani na viatu vya mupira, na wewe unaongea ordre du jour?"

Wakacheka, wakalia, wakapiga kelele. Siku ile timu haikufungwa. Wakanivua cheo, kwa mikono juu, na mimi tena nikainua wangu. Wakanirudishia simu zangu za vendredi.

Namushukuru Mungu. Namushukuru Maman Odette, na chumba hiki chote, juu ni nyinyi mulimupa Yunior koti na tiketi ya kurudi kwa mama yake. Nilimusindikiza mpaka uwanja wa ndege, Zaventem. Aliniita presidente mbele ya polisi. Chumba changu kimekuwa kikubwa tena, siwafichi. Ramón amerudi. Jaffari amerudi, na matusi yake.

Somo langu ni dogo. Wakikupandisha, uliza kesho yake utafanya nini. Wakikosa jibu, baki chini, na shika simu yako.

Gaspard sijamusamehe, Pasteur ataniombea. Tuko wanane, na muchezo huu unataka tisa. Hatuna wa kudaka. Désiré, nimekuona tangu wimbo wa kwanza, pale nyuma ya nguzo. Wewe pia sijakusamehe, nisiseme uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Lakini vendredi hii nitakupigia simu kama wengine. Uipokee.