Vile André alitaka kuenda Birmani

Mu mwaka wa 1944, hapa ku Kenya, mutaa wetu wa mu muji wa shaba, hapana ile inchi, mbele ya mashini yangu ya kushona, kulikuwa banki ya mbao. Kila siku ya Mungu, kiisha misa, Chef de Gare na Désiré banakuja kunywa kahawa yangu na kubishana. Siku moja jirani yetu André akafika na karatasi. Armée, jeshi ya bazungu, ilikuwa inatafuta bantu ba kubeba bagonjwa Birmani, kwenye Baingereza banapigana na Bajapani. Kesho asubui ataenda kutia kidole, kujiandikisha. Iliniuma, juu iko na batoto batatu.

— Bajapani beko kama treni, akasema Chef de Gare. Jina yake Léonard, lakini tunamuita vile juu anatumika ku chemin de fer, ku njia ya treni. Gare ya kwanza, kituo ya kwanza, Corée. Kiisha Manchourie. Mu 37 banaingia mu Chine yenyewe. Kiisha Malaisie, Java, Birmani. Frein ya kuisimamisha hakuna.

— Banatafuta charbon, makaa ya treni, akasema Désiré, karani Mukasai, mwenye kusoma gazeti mpaka matangazo. Kwabo hakuna pétrole, hakuna kauchu, ile mpira ya magari. Banakamata ya jirani.

— Na shiye njo tunateseka, nikasema. Tangu banakamata kauchu ya Malaisie, bazungu banarudisha bantu mu pori kutafuta kauchu.

— Gare ya kufuata, Madagascar, akasema Chef de Gare. Kiisha Mitwaba, hapa kwetu, juu ya étain, ile bati.

— Mitwaba haina gare, Chef.

— Batajenga.

— Munaona? akasema André. Muntu anakamata shamba ya jirani, lazima bamutoshe. Njo maana ninaenda.

Wivine, bibi yake, alikuwa amefika, mutoto ku mugongo. Alisikia yote. Akauliza bwana yake polepole:

— Baba Delphine, mbele ya Bajapani, Birmani ilikuwa ya nani?

— Ya Baingereza.

— Na mbele ya Baingereza?

André akaangalia Désiré.

— Balikuwa na mufalme wabo, akasema Désiré.

— Sawa. Mukishatosha Bajapani, mutairudisha kwa nani?

Désiré akaangalia njia, kuona kama kuko polisi. Mimi, haya ikanishika.

André akakunja karatasi, akaifungua, akaikunja tena. Wivine akakaa ku banki ya banaume, kwenye bibi ya muntu hakaaka, akangojea jibu.