Bi Khairat binti Darwesh, Aliyewapeleka Wageni Sokoni

Sote ni waja wa Mola, na kwake tunarejea kwa zamu. Leo Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, tumekusanyika hapa Kaole kumsindikiza Bi Khairat binti Darwesh.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika mji wa Halab, nchini Syria, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Darwesh, muuza viungo katika soko kongwe la mji huo. Dada yake, Bi Ibtihal, anasema Khairat alijua bizari nzuri na mbovu kwa kunusa kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Halab, na mwaka 1990 akamaliza chuo cha ualimu.

Mwaka huohuo kijana wa Kaole hapa Bagamoyo, Abdulazizi Bwanausi, aliyekuwa Halab akisomea kilimo cha umwagiliaji, alianza kuonekana dukani kwa Mzee Darwesh. Hakosi wiki, na kila akija ananunua viungo. Mzee alimvumilia miezi miwili, kisha akamuuliza, "Mwanangu, wewe unakaa bwenini, hata sufuria huna. Bizari yote hii unaipeleka wapi?" Posa ikapelekwa. Mzee alikubali kwa sharti moja, likaandikwa katika hati ya ndoa tarehe 6 Agosti 1992: kila baada ya miaka mitatu binti yake arudishwe Halab kuwaona wazee wake. Bwana harusi alitia saini bila hata kusoma mara mbili. Mapenzi hayo.

Bi Khairat alifika Bagamoyo Julai 1993. Siku ya pili mama mkwe wake, marehemu Bi Habiba, akampeleka sokoni. Kwao mteja huonja kwanza ndipo anunue, basi bibi harusi akaokota tango kwenye fungu la Mzee Muhidini, akaling'ata. "We mama! Hata salamu?" Muhidini alipiga kelele mpaka soko likageuka. Bi Habiba alilipia tango, akamwambia, "Mwanangu, hapa kwetu salamu inatangulia, meno baadaye."

Aliishika kauli hiyo. Kuanzia mwaka 2004 kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni sokoni asubuhi, kisha kupika nao chakula cha Halab nyumbani kwake. Walitoka Dar, walitoka Ulaya, wengine Chalinze tu hapo. Aliyeuliza bei kabla ya salamu alirudishwa mlangoni aanze upya, awe profesa awe nani. Naye Mzee Muhidini, aliyekwisha kuwa rafiki, aliwakatia wageni vipande vya tango waonje.

Vitu vya kwao havikupatikana, ikabidi atafute vya hapa vinavyofanana navyo. Alichemsha ngano ya bokoboko, akaianika mkekani na kuitwanga ili apate burghul, chenga za ngano za kwao. Kuku wa jirani walinenepa mwaka ule. Halab kuna kebab ya mchuzi wa cheri chachu. Yeye aliipika kwa zambarau. Mzabibu alioagiza Dodoma haukuzaa hata zabibu moja, lakini majani yake yalitosha kufungia wali na nyama. Wageni walilamba vidole. Yeye alionja, akafumba macho, akasema, "Inakaribia ya kwetu. Lakini bado." Watu walicheka wakidhani anajishusha. Hakuwa anajishusha. Alikuwa anapatamani kwao, na hamu ile ilikaa naye jikoni kila siku.

Sharti la ndoa lilitimizwa mara tano, mara ya mwisho mwaka 2008. Ya sita ingekuwa Julai 2011, lakini vita vilikwishaanza. Mwaka uliofuata soko la Halab likaungua. Mwaka 2014 mama yake akafariki, naye Bi Khairat akapokea taazia kwenye jamvi la Bagamoyo, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona huyo mama. Tangu hapo Mzee Abdulazizi hakupenda hati ile ya ndoa itajwe mbele yake.

Mwaka 2023 Bi Khairat alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu Dar es Salaam mara tatu kwa wiki. Desemba 2024 habari zikaja kwamba njia ya Halab imefunguka. Mumewe alikwenda kwa madaktari siku ileile. Walikataa, wakasema mgonjwa asingeimaliza safari ile.

Mei mwaka huu Bi Ibtihal aliingia soko la Halab na simu ya video mkononi ili mdogo wake aone.

"Kata kushoto, dada, penye muuza sabuni," Bi Khairat alielekeza akiwa kitandani.

"Muuza sabuni hayupo, mdogo wangu."

"Wewe nenda tu. Mimi najua."

Akamwongoza hatua kwa hatua mpaka palipokuwa na duka la baba yao. Palikuwa na ukuta mpya, haujapakwa rangi. Alilia, nasi tukalia.

Jumanne iliyopita mumewe alimshika mkono. "Mama Nawaf, sharti la baba yako limenishinda. Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Baba Nawaf. Umenitunza. Lakini hamu haijaisha. Huo wasifu wangu mtakaouandika, msiseme kwamba nilizoea."

Mumewe alitaka kumtuliza.

"Msiseme," akarudia.

Alifariki jana Alhamisi, saa tisa alasiri, nyumbani kwake Bagamoyo. Ameacha mume, watoto wawili, Nawaf na Adila, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Ibtihal, anayetusikiliza sasa hivi kwa simu kutoka Halab.

Bi Ibtihal, nanyi nyote mliofika: hakuzoea. Aliishi nasi miaka thelathini na miwili, akatupenda, akatulisha, na kila siku alipatamani kwao. Mola amrehemu, ampumzishe, na amfikishe.