Sahani Iliyo Mapajani mwa Profesa

Mheshimiwa Mchungaji Battle. Mheshimiwa Profesa Whitcomb, Mkuu wa Kitivo, uliyekubali kushuka nasi ukumbini huku chini ya kanisa. Mama Earlene na akina mama wa jikoni. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe uliyenifanya nivae suti niliyoshonewa Hong Kong, mpwa wangu Daktari Lavonne Purdie.

Mimi Cleotis shule niliachia darasa la nane, lakini nimepika melini mpaka bandari ambazo ramani zenu hazizijui. Nikisema nimeona dharau za kila rangi, niaminini.

Lavonne alisomea mambo mawili kwa pamoja: maisha yetu watu weusi, na uchumi. Alichunguza jinsi akina mama wa kanisa hili walivyouza sahani za samaki kila Ijumaa, wakaokoa nyumba za mtaa huu wa Philadelphia benki zilipokataa kutukopesha. Profesa wa uchumi akamwambia, "Binti, haya ni mapishi." Akaenda upande wa pili, kwa wanaofundisha maisha ya watu weusi, wakamwambia, "Mbona hesabu nyingi hivi?" Akanijia analia. Nikamwuliza, "Maprofesa hao, samaki wenyewe wamewala?"

"Bado, Mjomba."

"Basi hawajasoma."

Leo ana shahada ya uzamivu, nami nimepiga mluzi kwenye uwanja wa mahafali mpaka askari akanifuata. Lakini asubuhi hii hii tumeambiwa na ofisi yako, Profesa, kwamba masomo hayo ya pamoja yanafungwa. Jonelle, binti wa kanisa hili aliyekuwa aanze Septemba, ameambiwa atafute jambo lingine. Eti watu wanaoyahitaji hawapo.

Hawapo wapi? Mlituuliza lini? Tuliponyimwa mikopo tulikuwa weusi na tulikuwa uchumi kwa wakati mmoja; hakuna aliyetugawa vitivo viwili.

Usiweke uma chini, Profesa, kula. Nimekuona ukiomba samaki wa pili, na Mama Earlene akakwambia, "Ongeza pilipili, mwanangu, haing'ati." Hiyo sahani iliyo mapajani mwako ndiyo sura ya tatu ya tasnifu ya Lavonne.

Sasa, kila ambaye nyumba yake ilisimama kwa samaki wa jiko hili, naye asimame.

Taratibu, Mama Earlene, shika kiti.

Geuka, Profesa, uwatazame. Hawa ndio watu wasiokuwepo. Jonelle yule pale mlangoni, kasimama nao. Ukishameza, mjibu yeye, si mimi.

Nawashukuru wapishi, namshukuru Mungu, nanyi asanteni kwa masikio yenu. Ila msiketi bado.