Ndimu Nne kwa Jiwe la Baba

ALBERTINE: Haloo? Ni nani? Haloo!

STANISLAS: Ni Stanislas.

ALBERTINE: Nani?

STANISLAS: Stanislas. Kaka yako, mwana wa kwanza wa marehemu baba yetu. Nakupigia kutoka nyumbani kwangu, Makomeno. Hujambo, Albertine?

ALBERTINE: Aa, yaya! Yambo sana! Ungesema tu «ni miye». Ngoja nipande ku kichuguu, hapa Mitwaba réseau ya simu iko mule juu tu... [upepo] ...sasa sema. Marceline iko muzima?

STANISLAS: Mke wangu ni mzima. Amekwenda Luano, uwanja wa ndege, kumpokea dada yake. Sisi sote hapa ni wa... [anakohoa] ...ni wazima.

ALBERTINE: Na hiyo kukohoa?

STANISLAS: Vumbi la kiangazi. Tuyaache hayo. Nimekupigia kwa jambo linalogusa heshima ya ukoo. Jumapili ni misa ya mwaka mmoja wa baba, na baba mdogo Musonda ameagiza lile jiwe la kijani la malakiti, alilopewa baba na wenzake wa mgodini siku aliyostaafu, liwekwe mezani kando ya picha yake—

ALBERTINE: Najua. Na akiisha kuliangalia na macho yake, njo atakata maneno: libakie kwako ao likuye kwangu.

STANISLAS: Usinikatize. Kule bweni kwa mapadri, aliyekatiza sentensi ya mwenzake alipiga magoti mpaka kengele ya pili.

ALBERTINE: Sawa, niko magoti. Sema.

STANISLAS: Nimelichunguza jiwe hilo kwa makini. Mbele, hakuna la kusema. Lakini nyuma, upande uliokuwa ukitazama ukuta, nimekuta baka jeupe, lililofifia, pana kama kiganja. Kwa miaka yote liliyokaa kwa baba huko Mitwaba, kabla sijalichukua baada ya mazishi, aliyekuwa akilipangusa ni wewe. Mimi sikulaumu. Nauliza tu, kama anavyouliza mtu mstaarabu: ndivyo ulivyolitunza? Uliliweka jikoni, karibu na moshi?

ALBERTINE: Kumbe ulilizungusha.

STANISLAS: Kulizungusha ni haki ya mwenye kulitunza.

ALBERTINE: Na kisha kulizungusha, ukalifanya nini?

STANISLAS: Nani amesema nimelifanya kitu? Nazungumza kwa nadharia. Tuseme mtu fulani, mwenye elimu yake, amekuta baka kama hilo—

ALBERTINE: Muntu fulani. Anaikala Makomeno?

STANISLAS: Anakaa popote. Mtu huyo anajua kwamba malakiti ni mtoto wa shaba. Na shaba, kila aliyelelewa vizuri anajua, husafishwa kwa ndimu na chumvi. Miaka sita nilikuwa msimamizi wa sakristia. Kila Jumamosi vinara vya altare niliving'arisha mimi, kwa ndimu na chumvi, hata Padri Mkuu akawa anachania ndevu zake mbele ya kinara kimoja.

ALBERTINE: Kinara haiko jiwe, yaya.

STANISLAS: Kanuni ni kanuni.

ALBERTINE: Ndimu ngapi?

STANISLAS: Nimekwambia ni nadharia.

ALBERTINE: Hiyo nadharia yako ilikamuliwa ndimu ngapi?

STANISLAS: [mkwaruzo] ...nne.

ALBERTINE: Nne! Mama na wee! Na povu ikapanda?

STANISLAS: Lilipanda, naam, na kwa nguvu. Nikaona uchafu unakimbia.

ALBERTINE: Ile haikuwa uchafu! Ni jiwe njo lilikuwa linakimbia!

STANISLAS: Punguza sauti.

ALBERTINE: Niko juu ya kichuguu, nani atanisikia, mchwa? Lilibakia mule mu ndimu masaa ngapi?

STANISLAS: Nililitosa baada ya misa ya asubuhi. Nikaenda mkutano wa wazee wa parokia. Mkutano ukarefuka. Unawajua.

ALBERTINE: Ukalitosa mu chombo gani?

STANISLAS: Katika chombo kinachofaa.

ALBERTINE: Yaya.

STANISLAS: Nyungu.

ALBERTINE: Nyungu ya bukari ya Marceline?

STANISLAS: Nyungu ya ugali ndiyo pekee iliyotosha ukubwa wa jiwe.

ALBERTINE: [anacheka hadi anapaliwa] Sakristia! Nyungu ya bukari! En tout cas, hiyo nyungu isipike tena kitu ya kula, unasikia? Ile mayi iko na shaba ndani, ni sumu. Ulimwaga wapi?

STANISLAS: Kwenye tuta la mboga ya lengalenga, nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mbolea.

ALBERTINE: Bantu basikule hiyo lengalenga. Ng'oa yote, tupa. Na jiwe sasa linafanana nini?

STANISLAS: Limepoteza... limepoteza kidogo ule uso wake.

ALBERTINE: Kidogo ginsi gani?

STANISLAS: Lote. Yale macho ya kijani, ile miviringo iliyokuwa inang'aa kama imepakwa mafuta, yote yamekuwa kama chokaa. Kwa hiyo nikachukua hatua ya pili.

ALBERTINE: Iko hatua ya pili?

STANISLAS: Msasa.

ALBERTINE: Yesu. Mukavu?

STANISLAS: Mkavu, laini, namba ya— [anakohoa kwa muda]

ALBERTINE: Yaya, sikia. Sichekake tena. Uko mu chumba gani?

STANISLAS: Sebuleni. Nimefunga madirisha ili upepo usipeperushe vumbi kwa majirani.

ALBERTINE: Fungua yote! Sasa hivi! Marehemu tata yetu alisemaka nini kila siku? Malakiti ukiisugua ikiwa kavu, vumbi yake inaingia mu kifua. Bale batu ba kuchonga malakiti ku soko banachongaka na mayi, na kitambaa ku mudomo.

STANISLAS: [vishindo, dirisha linalia] Nimefungua.

ALBERTINE: Usipige fagio. Chukua kitambaa chenye mayi, pangusa meza, pangusa chini, kisha utupe kitambaa. Nawa mikono na sabuni, nawa uso. Ukikohoa mpaka kesho, uende ku hospitali kwa munganga. Utafanya?

STANISLAS: Nitafanya.

ALBERTINE: Muzuri. Sasa naweza kukucheka tena.

STANISLAS: Cheka. Lakini tusisahau chanzo. Nisingeligusa jiwe hilo kama nisingekuta baka. Na baka hilo lilitoka Mitwaba. Mwaka mzima nimewaambia ndugu kwamba malakiti inahitaji mtu aliyesoma.

ALBERTINE: Uliwaambia naliweka kama jiwe ya kusagia muhogo. Batu banaletaka maneno mpaka huku, yaya. Hata bila réseau.

STANISLAS: Ni namna ya kusema.

ALBERTINE: Sasa miye nikwambie namna ya kusema. Ule baka ni tata.

STANISLAS: Baba?

ALBERTINE: Ni tata mwenyewe. Weye ulikuwa kwa mapadri, unang'arisha vinara. Ulikuya likizo na kakinara kadogo ka shaba, ukamufundisha ndimu na chumvi. Unakumbuka? Akafurahi sana. Kisha uliporudia masomo, akasema, mutoto wangu ana akili, tujaribu ku jiwe. Ndimu moja tu. Povu ikapanda, akaogopa, akalitoa mbio.

STANISLAS: Kinara kile nilimletea mimi mwenyewe.

ALBERTINE: Akaligeuza, baka ikatazama ukuta. Akaniapisha nisikwambie. Alisema utasikia haya. Toka siku ile njo akanifundisha: hapana ndimu, hapana siki, hapana chumvi, hapana kulitosa mu mayi. Kitambaa laini tu, ya pamba, yenye kuloa kidogo, na kukausha palepale. Na kulitia mbali na jua na moto. Mara moja ku mwaka, nta ya nyuki kidogo sana.

STANISLAS: Na mimi nikaligeuza.

ALBERTINE: Tata alikuwa na upande wa kuficha. Weye ulifanya pande zote mbili. Sasa utaliangalisha ukuta na upande gani?

STANISLAS: [mkwaruzo mrefu] ...kuna dawa?

ALBERTINE: Ule uso wenye ndimu ilikula hautarudia. Lakini nta inarudishaka rangi kidogo. Ijumaa nitashuka na lori, nitaleta nta, tutalipakaa pamoja. Litafanana na muzee, halitafanana na maiti.

STANISLAS: Nakushukuru. Na baba mdogo Musonda... wewe na mimi tunaweza kukubaliana kwamba hali ya hewa—

ALBERTINE: Siri ya tata niliiweka miaka makumi tatu. Yako pia ningeiweka, kama ungeniachia jina yangu. Weye njo uliichafua mbele ya bantu, weye njo utaipangusa. Jumapili, mbele ya misa, na kinywa chako.

STANISLAS: Albertine, mimi ni mtu wa kuheshimiwa katika parokia hii.

ALBERTINE: Njo maana batakusikiliza. Jaribu sasa. Miye ni baba mudogo.

STANISLAS: Salio langu linakaribia kuisha.

ALBERTINE: Baba mudogo anangojea.

STANISLAS: [anasafisha koo] Ndugu zangu wapendwa, kutokana na mazingira yasiyotarajiwa, na kwa kuzingatia—

ALBERTINE: Fupi.

STANISLAS: Jiwe la baba, kwa bahati mbaya, limepatwa—

ALBERTINE: Halikupatwa. Nani alilifanya?

STANISLAS: ...Mimi. Nilikosea.

ALBERTINE: Haloo? Sisikie, réseau.

STANISLAS: Nilikosea! Si Albertine. Ni mimi niliyekosea!

ALBERTINE: Réseau iko muzuri, yaya. Nilitaka tu kusikia mara mbili.

STANISLAS: Wewe, mtoto wa— subiri. Kuna honi getini.

ALBERTINE: Ni Marceline?

STANISLAS: Ni yeye, na dada yake, na masanduku. Anaingia jikoni. [sauti ya mwanamke kwa mbali] Anauliza... Albertine, anauliza nyungu ya bukari iko wapi.

ALBERTINE: Vizuri sana. Anzia na yeye. Ni kujifunza mbele ya Jumapili.

STANISLAS: Usikate simu! Albertine, nimwambie vipi? Alber—

ALBERTINE: Fupi, yaya. Fupi. Ijumaa! Bakia na Mungu! [simu inakatika]